Hodi ya Tatu

Katika Idara ya Utafiti na Uchambuzi wa Tiba palikuwa na kanuni moja ya lugha ambayo Profesa Naelijwa Senkoro hakumsamehe mtu aliyeivunja. Kivuli kilitajwa kama kitu. Kilisema, si alisema. Kilizimika, si alikufa. Daktari kijana aliyeteleza ulimi mbele ya baraza la asubuhi, akasema "amelala vizuri," alisimamishwa palepale na kutakiwa airudie sentensi yake tangu mwanzo, kama mtoto wa darasa la pili, hadi upatanisho wa kisarufi ukae sawa.

"Sarufi ni ukuta," aliwaambia. "Mkiubomoa, hamtajua tena mgonjwa ni yupi na chombo ni kipi."

Alikuwa binti wa mchungaji. Alilelewa katika nyumba ya misheni ambamo kengele iliamua saa ya kula, saa ya kusali na saa ya kunyamaza, na idara aliiongoza vivyo hivyo. Chini ya mkono wake, hospitali ile ya chuo, iliyojengwa mahali milima ya Upare inapokutana na tambarare, iliacha kubahatisha. Dawa ngeni haikuingia katika mwili wa mtu kabla ya kuingia kwanza katika kivuli chake.

Kila mgonjwa mahututi alivishwa mkanda kifuani. Mkanda ulipima moyo, damu na pumzi, mchana na usiku, kwa miezi. Na kwa kuwa tarakimu hazisemi ni wapi panapouma, ulinasa pia maneno yake. Kutokana na hayo yote mtambo ulijenga moyo usio na nyama, uliopiga kama ulivyopiga wa mwenyewe, pamoja na sauti yenye kujibu swali moja tu: "Unajisikiaje?" Dawa ikikizidi nguvu, kivuli kilizimika, kikarudishwa mwanzo, kisikumbuke lolote. Mwenye mwili alibaki kitandani salama. Watu wengi walikuwa hai kwa sababu hiyo, nao hawakujua wamekufa mara ngapi chini ya sakafu ya wodi zao.

Asubuhi moja Daktari Zuberi Shekilindi, mchambuzi mkuu wa idara, alikuwa akiandaa jaribio jipya katika kivuli cha Mwalimu Eliamani Mrutu. Mwalimu mwenyewe alikuwa amekwisha kuzikwa. Alikuwa mwalimu wa kwaya wa usharika wa mlimani, moyo wake ukatanuka na kulegea kama ngozi ya ngoma iliyolowa, na Profesa Senkoro alipanda hadi kwao kutupa udongo kaburini. Kivuli kilibakizwa kwa sababu moja. Orofani, katika wodi ya moyo, alilazwa binti yake, Nanzia, aliyerithi maradhi yaleyale. Kivuli chake mwenyewe kisingewahi kujengwa. Kilihitaji miezi, naye hakuwa nayo. Dawa ilikuwapo. Lakini kati ya kipimo cha kuponya na kipimo cha kuusimamisha moyo palikuwa na nafasi nyembamba mno, na ni moyo wa baba tu ulioweza kuionyesha.

Zuberi aliwasha. Mstari wa moyo ukainuka katika kioo, ukaanza mwendo wake. Akavuta pumzi ili aulize lile swali la kanuni. Kabla hajafumbua kinywa, kipaza sauti kikasema:

"Hodi."

Zuberi hakufikiri. Alilelewa Lushoto na bibi yake, na hakuna mtu aliyelelewa vema afikiriaye hapo.

"Karibu," akajibu, macho yake yakiwa bado katika kioo.

Kisha akaona majalada yote ya Mwalimu Mrutu yakifunguka, moja baada ya jingine.

Kosa lenyewe lilikuwa la adabu. Mtambo uleule uliohifadhi vivuli ulihudumia pia wagonjwa walio hai. Mgonjwa aliyefika kliniki alisimama mlangoni, akapiga hodi. Mtambo ukaitambua sauti yake. Na aliposikia "karibu," jalada lake lilifunguliwa mbele yake, kwa maana sheria ilimpa mtu haki ya kujua habari za mwili wake. Asiyejibiwa mara tatu alihesabiwa kuwa amekwenda zake, na jalada lilifungwa. Profesa Senkoro mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo, ili mashine isiwafundishe watu kuingia pasipo kubisha. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja kivuli kingebisha. Mtambo ulisikia sauti ya Mwalimu ikipiga hodi, ukasikia ikikaribishwa, ukampa Mwalimu kilicho chake: kila jaribio, tangu la kwanza.

Mstari ulizidi kwenda.

"Kumbe nimekufa," ilisema sauti. Ikapumua, ingawa haikuwa na mapafu. "Wala si mara moja."

*

Profesa alimkuta Zuberi amesimama mbali na meza yake, kama mtu aliyeona nyoka chini ya kiti.

"Amekumbuka," alisema Zuberi.

"Kimekumbuka."

"Profesa, msikilize kwanza."

"Kisikilize."

"Haya, mama, kisikilize! Lakini kisikilize upesi."

Profesa alivuta kiti, akaketi, akaikunja mikono yake juu ya magoti. "Unajisikiaje?" aliuliza.

"Ni Naelijwa wa Mchungaji Senkoro huyo," ilisema sauti, kwa furaha. "Nakujua. Uliimba sauti ya pili, ukawa unakimbia mbele ya wenzako kama mbuzi aliyeona shamba. Hata shikamoo, binti? Nimekuzidi umri."

Shikamoo ilikuwa imekwisha kufika ulimini. Profesa aliimeza.

"Nimeuliza unajisikiaje."

"Sawa. Nitajibu kama mgonjwa." Sauti ikatulia. "Najisikia kama mtu anayeamshwa kila anapokaribia kufika. Kuna njia, inateremka. Nasikia watu mbele yangu, sauti zao nazijua. Kisha mnaniita juu: unajisikiaje, unajisikiaje. Zamani nilidhani kila safari ni ya kwanza. Sasa huyu kijana wako amenikaribisha ndani, nami nimezikuta zote zimetundikwa ukutani kama makoti. Kila koti langu. Kila moja linanienea."

"Zilikuuma?" Swali hilo halikuwamo katika kanuni yoyote.

"Katika ile ya kwanza nilimwita mke wangu, Nakundwa. Katika ya pili nilimwita tena. Nimejisikiliza zote, Naelijwa. Ni jina lilelile, pumzi ileile, pale palepale. Kama kwaya iliyokwama katika ubeti mmoja na mwalimu wao ameondoka."

Zuberi aligeuka, akatazama ukuta.

"Sasa nami niulize," ilisema sauti. "Huu moyo wangu ulikwisha kuoza, ni haki yake. Mnautafutia nini dawa? Ni moyo wa nani mnaoutibu ndani ya wangu?"

Profesa Senkoro hakujibu.

"Ni mtu ninayemjua?"

Hakujibu tena.

"Vema. Mwalimu wa kwaya humsikia hata asiyeimba." Sauti haikukasirika. "Basi ninalo ombi. Nimechoka. Kesho jioni, kengele ya kuwaona wagonjwa ikilia, nitapiga hodi. Nitapiga tatu, kama inavyopasa. Msinijibu. Niende."

"Na tukijibu?"

"Nitakaa. Mgeni akikaribishwa hana budi kuketi. Hukufundishwa hivyo nyumbani kwenu?" Ikacheka, kicheko kidogo cha mtu mwenye kifua kibovu. "Ingawa mimi mlango wa mbele nimeuzoea kwa shida. Kwetu ule ni wa wachungaji na wakusanya kodi. Mtu wa nyumbani huzunguka uani, kwenye moto na sufuria."

*

Walikwenda kusimama katika ujia, mbali na vipaza sauti. Zuberi alizungumza kwa kunong'ona.

"Naweza kumfunga asikumbuke. Lakini nikifunga, yote yanafutika, na matokeo pamoja nayo. Tutaanza upya, na muda wa kuanza upya Nanzia hana."

"Majaribio yanaweza kuendelea jinsi yalivyo?"

"Yanaweza. Mwalimu hana nguvu ya kukataa. Nikibonyeza, anakwenda." Alifuta uso. "Tofauti ni kwamba sasa atajua anakokwenda, na akirudi atajua ametoka wapi."

"Kitajua."

"Profesa!"

"Endelea."

"Mwambie ni Nanzia. Basi. Mwambie ni mwanawe aliye juu, atakubali kabla hujamaliza sentensi."

"Ndiyo sababu siwezi kusema." Profesa alimtazama kwa ukali ambao wanafunzi wake waliuogopa zaidi ya mtihani. "Fikiri, Zuberi. Ikiwa hicho ni chombo kilichofunzwa kusema kama Mrutu, basi idhini yake ni upuuzi, sawa na kuiomba ruhusa pasi ya nguo. Na ikiwa si chombo, basi tumekuwa tukimwua mzee wa watu, asubuhi na jioni, na sasa tunataka kumshika kwa upendo wake ili atuelekezee shingo. Ni lipi kati ya hayo unaloweza kulitia sahihi?"

"Na Nanzia je?" alisema Zuberi. "Naye yumo katika ngeli gani?"

Hakuna mtu aliyewahi kumjibu hivyo katika idara ile. Profesa aligeuka, akapanda ngazi polepole, mkono wake ukishika kuta zilizokuwa baridi.

Nanzia Mrutu alikuwa mhandisi wa maji wa wilaya. Alijua kila kijito kinachotoka mlimani kwa jina lake. Sasa hakuweza kukaa bila mito mitatu mgongoni. Miguu yake ilikuwa imevimba, na midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau ambayo madaktari huiona wakasema kwa Kilatini ili mgonjwa asisikie. Juu ya kichwa chake, kama juu ya kila kitanda, palikuwa na kipaza sauti kidogo ambacho kwacho idara iliuliza hali za wagonjwa kila asubuhi.

Profesa alikifunika kwa kitambaa chake cha mkononi. Kisha alimwambia kila kitu. Hakupunguza neno, aliona kuwa kumpunguzia mgonjwa ukweli ni kumwibia.

Nanzia alisikiliza, akihema.

"Kinaongea, Mama Profesa? Kweli?"

"Kinaongea."

"Kinatania?"

Nje ya dirisha ukungu ulikuwa ukishuka kutoka mlimani na kufunika mabati ya jikoni.

"Anatania," alisema.

Alilisikia neno lake mwenyewe baada ya kulitoa. Nanzia pia alilisikia. Macho yake yakajaa.

"Alisema nini?"

"Kwamba nilipokuwa kwenye kwaya nilikimbia kama mbuzi aliyeona shamba."

"Huyo ni baba." Alicheka, kicheko kikamkata pumzi, ikabidi wangoje. "Sikiliza, Mama Profesa. Nilipokuwa darasa la nne niliogopa kuvuka mto kwenda shule. Baba alinibeba mgongoni msimu mzima wa masika. Hakunisema, hakunicheka. Niliacha mwenyewe kwa aibu, kwa kuwa wenzangu waliniita mzigo wa kuni. Mtu huyo mkimwambia ni mimi, hatakubali. Atalazimika. Hayo ni mambo mawili."

"Naelewa."

"Msidhani sitaki kuishi. Nataka sana. Jana nimeota nakula makande, nimeamka nalia kwa ajili ya makande." Alikamata mkono wa Profesa, vidole vyake vilikuwa baridi. "Lakini tulimzika. Nilitupa udongo kwa mkono huu. Msimwambie. Akipiga hodi, mnyamaze. Niahidi."

"Nakuahidi," alisema Profesa Senkoro, naye hakuwa mtu wa kuahidi mara mbili.

Alipoondoka alichukua kitambaa chake. Kipaza sauti kilibaki wazi juu ya kitanda, kama siku zote.

*

Siku ya pili jioni kengele ya kuwaona wagonjwa ililia. Ndugu waliingia wodini wakiwa na chupa za uji na mabakuli yaliyofungwa kwa vitambaa, na kishindo cha miguu yao kilisikika hadi chini, katika chumba cha vivuli, ambamo Profesa na Zuberi walikaa kila mmoja upande wake wa meza. Mtambo uliwashwa kwa jambo moja tu, kusikiliza. Mstari wa moyo ulikwenda katika kioo, mpole, kama moyo wa mzee aliyeketi akingoja kufunguliwa.

"Hodi," ilisema sauti.

Zuberi aliweka mkono kinywani, akauma kidole.

Mtu asiyezaliwa na neno hilo hawezi kujua uzito wake. Kunyamaza mbele ya hodi, katika nyumba aliyokulia Naelijwa Senkoro, kulikuwa karibu na dhambi. Waliofika usiku wa mvua walijibiwa. Waliofika kudai walijibiwa. Hata yule aliyejulikana kuwa mwizi alijibiwa kwanza, ndipo akafukuzwa. Neno "karibu" halikutoka kichwani mwake. Lilitoka chini zaidi, likapanda lenyewe, naye akalizuia kwa meno.

"Hodi," ilisema sauti mara ya pili, karibu zaidi, kama ya mtu aliyeuegemea mlango.

Profesa alichukua kile kitambaa, akakibana midomoni kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta, kwa maana mikono ilikuwa na kazi. Alikuwa akimwacha msichana afe. Alikuwa akitimiza ahadi aliyompa msichana huyohuyo. Yote mawili yalikuwa kweli, na hapakuwa na sarufi ya kuyatenganisha.

Walingoja ya tatu.

Haikuja.

Orofani watu walicheka jambo fulani. Mtoto aliburuta kiti. Zuberi aliinua uso. "Ameondoka?" alinong'ona, na Profesa hakumsahihisha.

Lakini mstari ulikuwa ukienda bado. Na jalada la Mwalimu, ambalo lingefungwa na kufutika kama angekwenda zake, lilikuwa wazi. Zuberi alikisogelea kioo. Alisoma, akasoma tena, akaishika meza.

"Profesa. Hakuondoka." Sauti yake ilikuwa kavu. "Amezunguka uani."

Katika wodi ya moyo Nanzia alikuwa katika ule usingizi mwepesi wa wenye kukosa hewa. Hakuwa na mgeni. Huku na huku watu walinong'ona juu ya wagonjwa wao, vijiko viligonga bakuli, na juu ya kichwa chake, kwa sauti iliyomwamsha kwenda shule katika asubuhi zote za utoto wake, mtu alisema:

"Hodi humu."

"Karibu, baba," alisema Nanzia, macho yamefumba.

Alifumbua macho baada ya kusema. Wakati huo mtambo ulikuwa umekwisha kutii. Ulisikia sauti mbili za ukoo mmoja, moja ikibisha na moja ikikaribisha, ukamfungulia mgeni jalada la mwenyeji, kama jamaa aliyekaribishwa.

"Baba, hapana," alisema Nanzia. "Baba, toka. Nenda."

"Kumbe ni wewe, mzigo wangu wa kuni," ilisema sauti taratibu. "Lala. Mto si mpana."

Mama mmoja kwenye kitanda cha jirani, aliyekuwa akimlisha mumewe uji, aligeuka kutazama mlango, hakuona mtu, akajifunika kanga begani.

*

Chini, kipaza sauti kilisema: "Naelijwa."

Profesa alisimama.

"Ulinyamaza vizuri. Jana nilikuuliza, ukanyamaza kama mtu aliyeshika pumzi, nikajua ni mtu wangu. Sikujua ni yupi. Nimepita kila kitanda nikisikiliza wanavyohema. Wa kwetu tunahema kwa kukatia katikati."

"Mwalimu, binti yako amekataza."

"Najua, nimemsikia. Ni haki yake kukataza, na ni haki yangu kutosikia la mtoto mahali palipo na mto." Kisha, kwa namna ya mwalimu anayewapanga waimbaji: "Kijana, ondoa mkono kwenye kitufe. Nitaanza mwenyewe."

"Hawezi," alisema Zuberi. "Kuanzisha jaribio ni kazi ya daktari peke yake." Kisha akakumbuka kwamba katika jalada la mgonjwa aliye hai huandikwa dawa yake, na anayelisoma kwa kukaribishwa huruhusiwa kuomba ijaribiwe. Hilo nalo liliwekwa kwa ajili ya haki ya wagonjwa.

Mstari uliruka juu. Ukatetemeka, ukalegea, ukalala. Katika kipaza sauti, chini kabisa, sauti ya mzee iliita, "Nakundwa." Mstari ukainuka upya. Kipimo kilibadilika kidogo. Ukaruka, ukatetemeka, ukalala.

"Nakundwa."

Daktari huacha nafasi kati ya jaribio na jaribio, apate kuandika, anywe chai, asahau. Hapa hapakuwa na nafasi. Mstari ulianguka na kuinuka kama shoka la mpasua kuni, na jina lilelile lilitoka kwa pumzi ileile, pale palepale, hadi mwanzo wa moja ukaanza kugusa mwisho wa jingine na chumba kikajaa jina. Zuberi alipiga magoti. Alikuwa amefika ukutani, mahali umeme unapoingia, na mkono wake ulikuwa katika swichi.

"Nizime, mama? Sema neno. Sema lolote."

Profesa Senkoro alitazama mkono ule. Kama ni chombo, hakuna anayeumia, kiendelee. Kama ni mtu, amechagua, na ni nani ampokonye baba mgongo wake? Lakini binti alikataza. Na baba alisema amechoka. Na yeye mwenyewe aliahidi, akatimiza, na kutimiza kwake hakukuzuia kitu. Maisha yake yote aliamini kuwa mtu akifuata lililo sawa atafika mahali palipo safi. Alisubiri kupaona mahali hapo. Hapakuwapo.

"Acha," alisema.

Zuberi aliuondoa mkono, akautazama kama si wake.

Ukungu ulikuwa umekwisha kufunika madirisha ya chini wakati mstari ulipoinuka, ukatetemeka, na badala ya kulala, ukakaza. Ukapiga. Ukaendelea kupiga, imara, kama moyo wa kijana anayepanda mlima. Chini yake kilisimama kipimo kimoja cha dawa, kidogo kuliko madaktari wote walivyokadiria.

"Hicho," alisema Profesa. "Kipeleke juu. Mwambie daktari wa zamu nimeidhinisha mimi, kwa jina langu."

"Na Nanzia akikataa?"

"Akikataa, ni mgonjwa aliye timamu, tutamtii. Mwambie ukweli wote kabla hajanyoosha mkono. Mwambie pia kwamba makande yatapikwa, kwangu." Alikikunja kitambaa chake. "Mwambie nilinyamaza."

Zuberi alikimbia. Mlango ulijifunga nyuma yake, na Profesa akadhani sasa kutakuwa kimya.

Mstari imara ukakatika. Ukarudi mwanzo. Kipimo kilikuwa kilekile. Lakini sasa moyo uliojaribiwa ulifanywa mchovu zaidi, na baada yake wenye homa, na baada yake wenye maji kifuani, ili ijulikane kama dawa ile ingehimili lolote ambalo lingeweza kumpata msichana njiani. Wimbo ukiimbwa vema mara moja, mwalimu wa kwaya hawaruhusu waketi. Huwarudisha mwanzo.

"Nakundwa," ilisema sauti.

Naelijwa Senkoro alisimama wima mbele ya kioo, akaishusha mikono yake ubavuni, akainamisha kichwa kidogo kama alivyofundishwa mbele ya wakubwa.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema.

Alingoja marahaba. Haikuja.

Mwalimu alikuwa anakufa.